Wanafunzi Kumi na Wanane wa Baltimore

Msomaji kijana, labda wewe mwenyewe, au mwenzako mnayeketi dawati moja, unatumaini kuwa daktari siku moja. Kama ni hivyo, waijua njia ilivyo katika nchi yetu. Mtu hufanya mtihani wake wa mwisho wa shule ya sekondari, na akishinda vizuri sana katika biolojia, kemia na masomo mengine yatakiwayo, huitwa chuoni moja kwa moja, akaanza kusomea udaktari hali angali kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa. Wachache tu huingia wakiwa na shahada nyingine. Lakini ukikutana na daktari aliyefunzwa Marekani, ukamwuliza habari za masomo yake, atakuambia jambo la kukustaajabisha. Kule hakufungua mlango wa chuo cha udaktari mpaka alipokuwa amekwisha soma chuo kingine, kwa kawaida miaka minne, na kutwaa shahada yake ya kwanza. Ndipo akaanza tena upya, mtu mzima, pengine mwenye mke au mume, akiwa hajui lolote, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani sababu ya desturi hiyo. Nilimjibu upesi upesi, kama sisi waalimu tufanyavyo tusipojua, kwamba Wamarekani ni matajiri na wana miaka mingi ya kupoteza. Jibu lile halikunipa raha, nikaanza kuitafuta habari yenyewe vitabuni. Nimeikuta, wala si habari ya utajiri peke yake. Desturi hiyo ina mwanzo wake ujulikanao: mji ni Baltimore, katika jimbo la Maryland, mwezi ni Oktoba, mwaka ni 1893, na wahusika ni wanafunzi kumi na wanane, wanaume kumi na watano na wanawake watatu.

Ili uelewe jambo lililofanyika mwezi ule, yakupasa kwanza kujua vyuo vya udaktari vya Marekani vilikuwa vya namna gani. Katika karne ya kumi na tisa chuo cha udaktari aghalabu kilikuwa mfano wa duka. Madaktari watano au sita wa mji mmoja walikodi ukumbi, wakatangaza kwamba wanafundisha, na kila mwanafunzi akanunua tiketi za kusikiliza hotuba zao. Fedha zile ziliingia mifukoni mwa waalimu wenyewe. Kwa hiyo mwalimu hakuwa na sababu ya kumkataa mtu yeyote aliyeweza kulipa. Muhula ulikuwa wa miezi michache tu, na muhula wa pili mara nyingi ulirudia hotuba zile zile za muhula wa kwanza. Mtu aliweza kupewa cheti, akarudi kwao na mkoba wa dawa, bila ya kuwa amepata kumpima mgonjwa hata mmoja kwa mikono yake. Hata Harvard, chuo chenye jina kubwa, hali haikuwa njema. Mkuu wake, Charles Eliot, alipotaka wanafunzi wa udaktari wafanye mitihani ya kuandika, karibu na mwaka 1870, profesa wa upasuaji alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi hao hawakuweza kuandika sawasawa. Ifikirie hoja hiyo, msomaji. Hakusema wafundishwe kuandika. Alisema mtihani uachwe.

Sasa palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Baltimore, jina lake Johns Hopkins. Alikufa mwaka 1873 bila ya mke wala mtoto, akaacha dola milioni 7 zijengwe kwazo chuo kikuu na hospitali. Chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1876, na hospitali mwaka 1889. Madaktari mashuhuri waliitwa kuja kufundisha: William Welch, bingwa wa elimu ya maradhi, William Osler, tabibu kutoka Kanada, William Halsted, mpasuaji, na Howard Kelly, mpasuaji wa magonjwa ya wanawake. Hospitali ilikuwapo, na waalimu walikuwapo. Chuo cha udaktari hakikuwapo. Fedha za chuo kikuu zilikuwa zimewekwa katika hisa za reli moja kubwa, reli ya Baltimore na Ohio, na reli hiyo iliposhindwa kutoa faida, chuo kikabaki mikono mitupu.

Hapo ndipo walipoingia wanawake, nao waliingia kwa akili nyingi. Mabinti wachache wa baadhi ya wadhamini wa chuo, wakiongozwa na Martha Carey Thomas na Mary Elizabeth Garrett, waliona kwamba baba zao wana shida ya fedha, na kwamba mwenye shida husikiliza. Mwaka 1890 wakawapelekea wadhamini kiasi cha dola 100,000 walizochangisha, kwa sharti moja: chuo cha udaktari kitakapofunguliwa, wanawake wapokewe kwa masharti yale yale ya wanaume. Wadhamini wakazipokea, lakini wakasema chuo hakiwezi kufunguliwa mpaka zitimie dola 500,000. Michango ikaendelea. Mwishowe Mary Garrett akatoa mwenyewe fedha zilizopungua, dola 306,977. Jambo la kuchekesha ni kwamba fedha hizo zilikuwa urithi kutoka kwa baba yake, aliyekuwa mkuu wa reli ile ile ya Baltimore na Ohio. Reli ndiyo iliyokifunga chuo, na reli ndiyo iliyokifungua.

Bibi huyu hakutoa fedha zake ovyo. Alirudia sharti la wanawake, kisha akaongeza masharti mengine. Kila mwanafunzi, awe mwanamume au mwanamke, sharti awe amekwisha kupata shahada ya chuo kikuu. Awe amesoma fizikia, kemia na biolojia. Tena aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani, kwa kuwa vitabu na majarida bora ya udaktari ya siku zile yaliandikwa kwa lugha hizo. Wakuu wa chuo walishtuka. Hapakuwa na chuo kingine cha udaktari Marekani kilichodai shahada, nao waliogopa kwamba watafungua mlango na asiingie mtu. Osler alimtania Welch kwamba ni bahati yao wao wawili kuingia chuoni kama maprofesa, maana kama wangekuja kama wanafunzi wasingepokewa. Utani huo ulikuwa na ukweli nusu. Osler kweli hakuwa na shahada nyingine isipokuwa ya udaktari. Lakini Welch alikuwa nayo: alisoma Kilatini na Kigiriki katika chuo cha Yale, akatwaa shahada mwaka 1870, akafundisha shule mwaka mzima, ndipo akageukia udaktari. Nawaomba waalimu wenzangu waliweke jambo hili akilini. Mwalimu wa shule atatokea tena katika habari hii, na tena.

Basi wanafunzi kumi na wanane wakaja.

Jiweke mahali pa mmoja wao. Una miaka ishirini na miwili au zaidi. Kwenu wewe ni msomi. Ulipotwaa shahada yako ndugu walikusanyika, na jina lako likatajwa kwa heshima. Waingia katika chumba cha anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, na kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya asidi ya kaboliki, dawa iliyotumiwa kuhifadhi maiti. Meza iko, maiti iko, kitabu kiko, kisu kidogo na koleo viko. Umeshika kalamu yako ukingoja profesa aanze kuhutubu ili uandike. Wangoja, na profesa haanzi. Amekwisha kukuonyesha sehemu ya mwili uliyopangiwa, basi, kazi yake kwa leo imekwisha. Kazi yako ndiyo kwanza inaanza.

Profesa huyo alikuwa Franklin Mall, mtu wa miaka 31 tu, asiyependa makuu wala maneno mengi. Alikuwa amesoma Leipzig, katika Ujerumani, penye maabara kubwa za zama zile, akarudi na imani moja isiyotikisika: kwamba mtu hawezi kufundishwa anatomia, ila aweza kujifunza. Kwa hiyo hakuhutubu, au alihutubu kwa nadra sana. Alipita kati ya meza, akatazama, akaenda zake. Mwanafunzi aliyetaka kuambiwa jina la mshipa alirudishwa kwenye maiti na kwenye kitabu akautafute mwenyewe.

Wewe usiyepata kupasua mwili wa mtu waweza kudhani kwamba kazi hiyo si ngumu, kwa kuwa picha zimo kitabuni. Lakini kitabuni mishipa ya damu itokayo moyoni imechorwa kwa rangi nyekundu, na ile irudiyo moyoni kwa rangi ya samawati, na mishipa ya fahamu kwa rangi ya manjano, kila mmoja peke yake mahali peupe. Katika maiti hapana rangi hizo. Vyote vimefifia vikafanana, vimefunikwa na mafuta na ngozi laini za ndani, tena hapana watu wawili ambao mishipa yao imepita sawasawa. Mtu aweza kufanya kazi asubuhi nzima juu ya mkono, kisha akagundua kwamba uzi mwembamba alioukata na kuutupa saa mbili zilizopita ndio hasa mshipa wa fahamu aliokuwa akiutafuta. Kiganja na kifundo cha mkono peke yake vina mifupa 27, nayo ni sehemu ndogo tu ya mifupa 206 ya mtu mzima. Na kila mfupa una jina lake, na upande wake, na mahali paliposhikwa na misuli yake. Insha zako za chuoni hazikusaidii hapa. Shahada yako haijui mfupa hata mmoja.

Ukitoka hapo wakabidhiwa hadubini. Ndani ya kioo kile mgeni huona kwanza kope zake mwenyewe, kisha mapovu ya hewa, kisha ukungu wa rangi. Huambiwa achore akionacho, naye huchora aliyoyaona kitabuni, maana macho yake hayajajua kuona. Zipita siku nyingi kabla jicho halijatii. Kemia ya mwili yakungoja, na elimu ya jinsi viungo vifanyavyo kazi, na jioni kuna kitabu cha Kijerumani.

Jambo hili la mwenye cheti kuanza upya nalifahamu kidogo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha darasa langu la kwanza, nikiwa na somo lililoandikwa vizuri sana kurasa nne. Nilimaliza yote manne kwa dakika kumi na mbili. Zilizosalia nilisimama nikitazamana na watoto arobaini, nao wakinitazama mimi. Kila nilichokijua kilikuwa kimekwisha, na kile nilichotakiwa kukijua sikuwa nacho. Kwa hiyo nawaonea huruma wale wa Baltimore, hasa kwa kuwa walikuwa na mahali pa kuangukia parefu kuliko pangu.

Je, njia ya Mall ilikuwa njema? Hapa waalimu hawapatani hata leo. Mimi nadhani ingekuwa ukatili kwa kijana wa miaka kumi na minane atokaye shuleni, aliyezoea kuandikiwa ubaoni. Angepotea, na maiti ingeharibika bure. Lakini kwa mtu aliyekwisha kaa miaka minne katika chuo kingine, aliyejua kutafuta jambo vitabuni, kulipima, na kuvumilia kutojua, iliwezekana. Hii ndiyo siri ya sharti lile la shahada. Mary Garrett hakutaka shahada kwa ajili ya mapambo. Chuo kilichotaka kumfundisha daktari kwa macho na mikono yake, badala ya masikio, kilihitaji mtu ambaye hakuna haja ya kumshika mkono. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya maabara. Miaka miwili ya mwisho mwanafunzi alikuwa wadini pamoja na Osler na wenzake: alipewa wagonjwa wake, akawauliza habari za maradhi yao, akapima damu yao kwa mkono wake, akaja kueleza mbele ya kitanda. Jambo hili kwetu leo ni la kawaida. Wakati ule kwa Mmarekani lilikuwa ajabu.

Katika wale kumi na wanane, walimaliza kumi na watano tu mwaka 1897. Wanawake watatu walifikia miisho mbalimbali: mmoja aliacha masomo, mmoja aliolewa na Mall mwenyewe, ambaye pengine hakunyamaza sana kama watu walivyosema, na mmoja, Mary Packard, akamaliza na kuwa daktari. Wasemaji wa mjini hawakukosa kusema kwamba fedha za Bibi Garrett zimezaa daktari mmoja tu. Walisema mapema mno.

Mwaka 1896, kabla hata hao wa kwanza hawajamaliza, aliingia mwanamke jina lake Florence Sabin. Alizaliwa Colorado mwaka 1871, binti wa fundi wa migodi, akafiwa na mama yake angali mtoto. Alitwaa shahada yake katika chuo cha wanawake cha Smith mwaka 1893, mwaka ule ule mlango wa Baltimore ulipofunguliwa, naye alitamani sana kuingia. Lakini hakuwa na ada. Basi akawa mwalimu wa shule. Alifundisha miaka mitatu, akiweka akiba senti kwa senti, ndipo akaenda. Huyu ndiye mwanafunzi ambaye njia ya Mall ilimfaa kuliko wote. Hakungoja kuambiwa. Angali mwanafunzi alitengeneza mfano wa sehemu ya chini ya ubongo wa mtoto mchanga, akizifuata nyuzi za fahamu kipande kwa kipande, na kazi hiyo ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1901. Mwaka 1917 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha profesa kamili katika chuo hicho. Mwaka huo huo Mall alikufa. Watu wengi walitumaini kwamba Sabin ndiye atakayekishika kiti chake, kwa kuwa hapakuwa na aliyestahili zaidi. Kikapewa mwanamume aliyekuwa mwanafunzi wake. Sabin hakuondoka kwa hasira. Alikaa miaka mingine kadha akifanya kazi yake, kisha mwaka 1925 akaenda New York kuchunguza kifua kikuu, na mwaka huo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika baraza kuu la wanasayansi wa Marekani. Baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya mwalimu wake Mall. Masharti yale yale ya wanaume yalikuwa yamefika mlangoni. Ndani ya nyumba yalikuwa hayajafika.

Sasa yatupasa kusimulia upande wa pili, ambao vitabu vya sifa huuruka.

Mwaka 1910 ilitolewa taarifa kubwa juu ya vyuo vya udaktari. Mwandishi wake, Abraham Flexner, hakuwa daktari. Alikuwa (ndiyo, umebashiri) mwalimu wa shule, aliyekuwa na shule yake mwenyewe katika mji wa Louisville, naye alisoma chuo kikuu cha Johns Hopkins katika ujana wake. Alitembelea vyuo 155 vya Marekani na Kanada, akifungua kabati, akihesabu hadubini, akiuliza maiti ziko wapi, na mahali pengi akakuta vumbi. Kipimo chake kwa vyote kilikuwa Baltimore. Taarifa ile iliwatikisa watu; pamoja na sheria mpya za serikali za majimbo, iliharakisha kufungwa kwa vyuo vingi dhaifu, hata kufikia mwaka 1920 vilibaki kama 85. Wagonjwa wasiohesabika waliokolewa na hatua hiyo, nami siwezi kuwalilia wauza tiketi.

Lakini katika vyuo vilivyokuwapo, saba vilikuwa vya watu Weusi, kwa sababu karibu vyuo vyote vingine viliwakataa au viliwapokea mmoja mmoja kwa shida. Katika saba hivyo Flexner alishauri viwili tu visaidiwe, Howard na Meharry, na mitano mingine ikafa. Tena aliandika kwamba daktari Mweusi afunzwe zaidi usafi na kuzuia maradhi kuliko upasuaji, na kwamba afya ya Weusi yafaa kutunzwa kwa ajili ya kuwakinga Weupe pia. Fikiri hesabu yake. Sharti la shahada, sharti la maabara, sharti la lugha za Ulaya: kila moja lilikuwa jema peke yake. Lakini mtoto wa mkulima Mweusi wa kusini, ambaye jimbo lake halikumjengea hata shule ya sekondari ya haki, angeipata wapi shahada? Kizingiti kimoja huinuliwa kwa wote, ila si wote wamesimama juu ya ardhi moja.

Na Baltimore kwenyewe? Chuo kilichofungua mlango kwa wanawake mwaka 1893 kilikaa miaka sabini bila ya kumpokea mwanafunzi Mweusi wa udaktari. Katika miaka hiyo aliishi hapo mtu aitwaye Vivien Thomas. Alikuwa seremala kijana wa Nashville, akiweka akiba ili asome awe daktari, na benki yake ilipoanguka katika dhiki ya mwaka 1930 akiba yote ikapotea. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata kazi katika maabara ya mpasuaji Alfred Blalock, na mwaka 1941 wakahamia pamoja hospitali ya Johns Hopkins. Katika maabara Thomas ndiye aliyefanya majaribio, tena na tena, ya kuunganisha mishipa ya damu kwa ajili ya watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro, wale ambao midomo na kucha zao huwa za rangi ya samawati kwa kukosa hewa. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kwanza wa namna hiyo. Thomas hakuwa na ruhusa ya kushika kisu juu ya mgonjwa; alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la daktari, akimwelekeza. Wapasuaji wengi waliokuja kuwa mashuhuri walijifunza mikono yao kwake. Yeye mwenyewe asingeweza kuketi darasani pamoja nao. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Mlango ule ulifunguka mwaka 1963, wakapokewa wanafunzi wawili Weusi. Mmoja alikuwa Mmarekani, Robert Gamble. Mwingine, msomaji wangu, alikuwa Mkenya, jina lake James Nabwangu. Mwaka wa masomo kule huanza kabla ya baridi kuingia. Kwa hiyo kijana huyo alipokuwa katika majuma yake ya kwanza mbele ya meza, na kitabu, na koleo, bendera yetu ilikuwa bado haijapandishwa, kwani Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huo. Walimaliza wote wawili mwaka 1967, na Nabwangu akaendelea mpaka akawa mpasuaji wa ubongo.

Mwaka huo huo wa 1967 kitivo cha udaktari kilianzishwa Nairobi. Wanafunzi wake hawakutakiwa kuwa na shahada ya kwanza. Walitoka kidato cha sita, wakavaa makoti meupe, wakaonyeshwa meza zao.